Mbwa wa Chumba cha Nyuma

Theresia aliponipigia simu kuniambia mama mkwe wake amefariki, nilikuwa jikoni kwangu Arusha nachambua maharage, na kitu cha kwanza kunijia hakikuwa sura ya marehemu. Ilikuwa harufu. Harufu ya kidonda chenye funza, na juu yake ile dawa ya kupuliza ya bluu ambayo kila mfugaji anaijua, katika chumba kisicho na dirisha la maana. Niliweka ungo pembeni nikaziba pua, mtu mzima mwenye mjukuu, peke yangu jikoni, kwa ajili ya mbwa aliyekufa zamani. Theresia hakulia kwenye simu. Alisema, "Dada, mama ametutoka. Kesho kutwa tunamzika hapa hapa nyumbani. Njoo, na wewe uone atakapolazwa." Watu wakitoa taarifa ya msiba husema njoo tumzike, au njoo tusaidiane. Hawasemi njoo uone atakapolazwa. Nikamwambia nitakuja, nikarudi kwenye maharage yangu, nikachambua nikatupa mazima nikabakiza mabovu.

Sitaeleza nilitoka kwa nani wala nililelewaje. Wenye kutaka hayo wataulizana siku ya harusi. Inatosha kusema kwamba nilifika Babati msichana, mji ukiwa ndio kwanza umefanywa makao ya mkoa, na nilikuja kuuza katika duka la dawa za mifugo lililokuwa karibu na soko. Nikapata chumba Maisaka kwa Mama Basili. Ilikuwa nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu mbele, jiko la nje pembeni, na huko uani chumba kimoja kilichojitenga ambacho walihifadhia mahindi. Chumba changu kilikuwa cha mwisho upande wa uani. Kilikuwa na kitanda cha futi tatu na nusu, jiko la mafuta ya taa, na dirisha la mbao ambalo ukilifungua unakutana uso kwa uso na mlango wa hicho chumba cha mahindi. Mwanzoni nililalamika kimoyomoyo kwamba nimepewa dirisha la kutazama magunia. Baadaye nilitamani sana magunia yangerudi.

Mama Basili alikuwa Mwiraqw wa Mbulu, mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Kazi yake kubwa ilikuwa kukaa barazani, upande wa barabarani, akimenya maharage na kumsimamisha kila apitaye. Alijua mbuzi wa nani amezaa pacha na mke wa nani amerudi kwao. Basili, mwanawe, alikuwa Mirerani kwenye mashimo ya madini, akija nyumbani mara chache na kikohozi kingi. Mkewe Theresia aliachwa hapo na mimba yake ya kwanza. Jioni tulikula watatu jikoni tukiwa tumezunguka sufuria, ugali na mboga ya majani ya maboga, au makande, na siku za neema perege kutoka ziwani. Mama Basili alinitania kila siku bila kuchoka, kwa sababu sisi Wapare tuna sifa yetu ya kubana mkono. "Kula, Eliwaza. Hapa hatuhesabu matonge, hiyo ni kwenu." Theresia alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo. Alikuwa na kicheko cha kuchelewa. Wenzake wakishamaliza, yeye ndiyo anaanza. Alikuwa amenunua doti moja ya kanga, ya manjano yenye maua mekundu, haijakatwa, na aliitoa kwenye begi kunionyesha karibu kila wiki. Ilikuwa ya kumpokelea mtoto.

Siku jambo lenyewe lilipotokea, mimi nilikuwa dukani. Niliondoka asubuhi nikimwacha Theresia anapepeta mchele, nikarudi jioni nikakuta uwanja umefagiliwa mpaka umebaki na michirizi ya fagio, na hakuna mtu barazani. Mama Basili alikuwa amekaa pembeni ya jiko, juu ya jiwe bapa ambalo siku zote lilikuwa mlangoni pa bafu, tulilosugulia miguu. Nilishangaa amelisogeza vipi, maana halikuwa dogo. Jua la jioni lilikuwa linampiga usoni naye hakulikwepa. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba." Nikauliza, "Theresia yuko wapi?" Akaelekeza kidevu uani. "Yuko kule. Mtoto hakukaa. Alikuja kabla ya siku zake, hakulia." Nikageuka niende. Akanishika kanga. "Ngoja kwanza nikwambie, usije ukasema hukuambiwa."

Akanieleza, na ninaeleza kama nilivyoelezwa. Kwao, mwanamke aliyepotelewa na mtoto namna ile hutengwa mpaka wakati wake wa kusafishwa ufike. Wenyewe wanaita metimani. Anakaa peke yake, anakunywa kwa kikombe chake, anakula kwa sahani yake, hapiti shambani kwa mtu, hagusi maji ya wengine, na wengine hawamgusi. Si adhabu, alisema, ni kuilinda nchi na watu, na hata yeye mwenyewe. Mjini wengi walikuwa wameacha, na padri alikuwa amesema juu ya jambo hilo zaidi ya mara moja, na Mama Basili hakukosa misa ya Jumapili hata mvua inyeshe. "Padri namsikia," alisema. "Lakini padri hajui mambo ya nchi. Wewe si wa kwetu, hayakubani. Ila ukigusa kikombe chake, usiguse changu." Wakati anasema hivyo alikuwa anapapasa ukingo wa jiwe kwa kiganja, taratibu, na mimi nilidhani anatafuta maneno.

Magunia yalikuwa yamehamishiwa chumba cha Basili. Theresia alikuwa amelala juu ya godoro chini, amegeukia ukutani. Niliingia, sikuweza kufanya vinginevyo, nikakaa. Hakuniuliza habari wala hakulalamikia kutengwa. Aliniuliza kitu kimoja tu, nacho akaendelea kuniuliza majuma yote yaliyofuata, kupitia dirishani kwangu, nikiwa napika, nikiwa nafua: "Dada, wamemweka wapi?" Sikujua. Wanawake wazima wawili walikuwepo, Mama Basili na jirani yetu Bibi Veronika, na kabla ya adhuhuri walikuwa wamemaliza kila kitu. Theresia mwenyewe walimfunika uso. Hakuambiwa ni mvulana au msichana, hakumshika. Alichojua ni kwamba hakuna aliyetoka nje ya uzio na mzigo wowote, kwa hiyo mtoto alikuwa humo humo uwanjani, mahali fulani, na yeye anakaa usiku na mchana hatua chache kutoka kwake bila kujua ageukie upande gani.

Vyumba vya nyumba ile havikuwa na dari, maneno yalipita juu kama moshi. Jumapili moja mchana nilimsikia Bibi Veronika sebuleni. "Mwoneshe, Mama Basili. Anakauka yule." Mama Basili akajibu kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, ndogo, ya mtu aliyebanwa. "Akioneshwa atarudi pale kila siku. Atalia pale mpaka tumbo likatae kushika tena. Mimi nilioneshwa wangu wa kwanza. Unajua mwenyewe nilikaa miaka mingapi mpaka nikampata Basili." Bibi Veronika akasema, "Basi lia hata wewe." Mama Basili akasema, "Mkwe ananisikia." Kisha nikasikia vikombe vya chai. Sikumwambia Theresia niliyoyasikia. Ningemwambia nini, kwamba kuna sababu? Sababu hailishi mtu. Na yeye alikuwa kweli anakauka. Mama Basili aliweka sahani juu ya tofali nje ya mlango wake, anarudi nyuma, na Theresia ananyoosha mkono kuichukua, na jioni chakula kinamwagwa nyuma ya chumba, penye uzio wa minyaa, kwa sababu chakula kilichotoka kwake hakuna mwingine wa kukila.

Ndipo kilio kikaanza. Kilikuwa chembamba, cha kukatika katika, kinatoka nyuma ya kile chumba wakati wa alasiri, na yeyote aliyewahi kusikia mtoto mchanga asiye na nguvu hakuhitaji kuambiwa kinafanana na nini. Niliposikia mara ya kwanza nilikuwa nakuna nazi, na kibao cha mbuzi kilinitoka chini yangu nikaanguka. Wanawake waliokuwa wanapita njia ya mkato nyuma ya uzio waliacha kupita. Dukani mteja mmoja alinieleza, bila kujua naishi wapi, kwamba kuna nyumba Maisaka mtoto aliyezikwa analia. Mama Basili alikaa juu ya jiwe lake na rozari, midomo inakwenda, macho yameganda kwenye ukuta wa chumba cha nyuma. Hatukuangaliana. Mtu wa kwanza kwenda kutazama alikuwa Theresia mwenyewe. Alitoka, akazunguka nyuma, akakaa huko muda mrefu, kisha akaja chini ya dirisha langu. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile hakuniuliza lile swali lake. "Dada," alisema, "dukani kwenu kuna dawa ya mbwa?"

Nimeona mifugo wengi wagonjwa, lakini mbwa yule bado ananijia. Alikuwa rangi ya vumbi, pale palipobaki na manyoya. Kwingine ngozi ilikuwa tupu, imekakamaa na kupasuka kwa upele, inatoa maji. Macho yalikuwa yamezibwa na tongo. Shingoni alikuwa na waya, wa wale wanaotega nungunungu mashambani kule Bagara, umezama ndani ya nyama mpaka nyama imeufunika, na kidonda kilikuwa kinatembea. Sijakosea kusema, kilikuwa kinatembea, funza wameshikana. Alikuwa amekuja kwa ajili ya chakula kile kilichomwagwa, na kila alipojaribu kumeza, waya ulimkaba akalia. Nikamwambia Theresia ukweli niliouamini: huyu anakufa, na huenda ana kichaa, mwache. Akasema, "Ana kiu, nimemwekea maji kwenye kikombe changu amekunywa. Mwenye kichaa hanywi." Nikamtazama usoni. Alikuwa amesema sentensi ndefu kuliko zote za mwezi ule. Nikaona kwamba nikikataa, nitakuwa nimewazika wawili.

Duka letu liliuza dawa za ng'ombe, mbuzi na kuku. Bwana mifugo wa kata, mtu wa mzaha ambaye ofisi yake halisi ilikuwa benchi la mbele ya duka letu, alinisikiliza huku akitafuna mua. "Mbwa wa nani?" akauliza. "Hana mwenyewe." "Basi hana ugonjwa," akasema. "Ugonjwa ni wa mwenye mali. Huyo ana siku zake tu." Wateja wakacheka, na mimi nikacheka, halafu nikabaki nimesimama pale pale mpaka kicheko kikaisha. Akatema kamba ya mua, akaniangalia vizuri. Akaniuliza uzito wake, nikasema ni sawa na ndama wa juzi. Akanipimia sindano ya minyoo na upele kwenye bomba, akaniasa nisizidishe maana dawa ya ng'ombe ikimzidi mbwa inamlaza moja kwa moja, akaniambia niirudie baada ya muda, akanipa na kopo la dawa ya bluu lililobaki nusu. "Kata waya kwanza," alisema. "Hayo mengine ni mapambo."

Tulifanya Jumapili, Mama Basili akiwa kanisani. Niliazima koleo kwa fundi baiskeli. Theresia alikaa chini, akamlaza mbwa mapajani, akamshika taya kwa mikono miwili, na mimi nikapiga magoti. Sitaeleza yote. Nilimwaga maji ya uvuguvugu yenye chumvi, funza wakatoka, nikawatoa waliobaki kwa kijiti kimoja kimoja, na waya nilipoukamata kwa koleo ulikuwa umeota ndani, ikabidi nikate mara tatu. Yule mbwa hakutuuma. Alikuwa anamtazama Theresia tu, na alilia kile kilio chake, na Theresia akaanza kumwimbia kwa Kiiraqw, wimbo ambao sikuujua lakini kila mtu anajua wimbo wa namna ile unaimbwa kwa nani. Hapo nikaweka koleo chini. Akaniambia, "Dada, maliza." Nikamaliza. Nikapuliza dawa, nikachoma sindano. Nilipogeuka kutafuta kitambaa cha kumfunga shingo, alikuwa ameshaniletea: kanga ya manjano yenye maua mekundu. Ilikuwa kipande kimoja. Nikamuuliza cha pili kiko wapi, kwa sababu doti ni vipande viwili na vile vilikuwa havijakatwa. "Sijui," akasema. "Nilipofungua begi nilikuta kimoja." Tukatazamana. Alijua kama nilivyojua kipande cha pili kilikwenda wapi, na nani alikichukua. Akachana kipande chake mstari mrefu, nikamfunga mbwa.

Mama Basili alirudi na nguo zake za kanisani, akapitia uani, akamwona mbwa amelala mlangoni pa Theresia na ile kanga shingoni. Nilijiandaa kwa sauti ya kuita ng'ombe. Haikutoka. Alisimama, mkono mdomoni, macho kwenye yale maua mekundu, kisha akaenda kukaa juu ya jiwe lake bila hata kuvua kitambaa cha kichwa. Maharage yalikuwa jikoni yakaungua mpaka moshi ukatoka, na hakuinuka. Jioni aliniita. Hakuzungumzia kanga. Alisema, "Umekaa naye, umeshika mikono yake." "Ndiyo mama." "Basi." Tangu siku ile kikombe changu kilipata msumari wake peke yake, upande wa nje wa jiko, na nilikula chumbani kwangu dirisha likiwa wazi, Theresia anakula mlangoni kwake, mbwa katikati yetu anasubiri. Niliumia, sitasema uongo. Nilizoea kutaniwa. Lakini Mama Basili mwenyewe alianza kuongeza sahani ya Theresia, vichwa vya perege, ukoko wa ugali, vitu ambavyo mtu hamwekei mkwe. Mbwa hana mila, alisema aliponiona natazama, akageukia pembeni.

Theresia hakumpa mbwa jina. Nilipendekeza Simba, kama mbwa wote wa Babati, akakataa. Alisema kitu ukikiita kwa jina kinaondoka. Akawa anasema "huyu". Huyu amekula? Huyu leo hajajikuna. Basi likawa jina, Huyu. Magamba yakadondoka, ngozi ikalainika, sindano ya pili ikaingia, na manyoya yakaanza kuota kwa madoa. Na kwa kuwa Huyu hakula bila Theresia kula, Theresia alikula. Mashavu yakarudi. Wakati wa joto Huyu alikwenda kulala pembe moja ya uzio wa minyaa, siku zote pale pale, amejikunja, pua kwenye udongo. Siku moja nimerudi kazini nikamkuta Theresia amesimama dirishani pangu ananisubiri. "Umeona anapolala?" Nikasema nimeona. "Udongo wa pale ulichimbwa, dada. Ni laini. Na hatoki." Nikaenda kutazama. Ni kweli udongo ulikuwa laini, mweusi kuliko mwingine. Ungeweza kuwa shimo la zamani la majivu. Mbwa mwenye ngozi inayowaka hutafuta ubaridi. Nilifungua mdomo nimwambie hayo, nikaona uso wake, nikaufunga. Jioni hiyo alipanda pale mbegu za maboga, akakaa kando yake mpaka jua likazama, na hakuniuliza tena wamemweka wapi. Maboga yalitambaa yakafunika uzio. Mama Basili, ambaye hakuwahi kupita jani la boga bila kulichuma kwa mboga, hakuwahi kugusa jani la pale.

Mara moja tu Mama Basili alimgusa Huyu. Ilikuwa asubuhi, mbwa ameshapona, anazurura uwanjani kama mwenye nyumba. Mama Basili alikuwa ameinuka kidogo kwenda kuchochea moto, na Huyu akafika kwenye lile jiwe, akanusa ukingo wake, akaanza kujikunja alale hapo ubavuni. Mama Basili alitoka jikoni na ukuni unaowaka akamrushia. Ulimpata mgongoni. Akapiga kelele, yule mama, maneno ya Kiiraqw ambayo sikuyaelewa, na alipomaliza alikuwa anatweta na machozi yanamtoka, akajitupa kukaa juu ya jiwe kama mtu anayewahi nafasi. Huyu akakimbilia kwa Theresia. Theresia alikuwa mlangoni pake ameona yote. Nilitegemea agombe, maana kwa mbwa yule alikuwa radhi kugombana na mbingu. Badala yake alisimama anamtazama mama mkwe wake muda mrefu sana, mkono juu ya kichwa cha mbwa, kisha akaingia ndani akafunga mlango. Mimi nikasema moyoni, wazee bwana, kwa jiwe tu. Nikachukua mkoba nikaenda kazini.

Mvua za masika zilipokatika wazee wawili walikuja kutoka Mbulu, wakafanya yao, Theresia akanyolewa, akaogeshwa, akarudi kula jikoni na vikombe vyetu vyote vikarudi msumari mmoja. Mwisho wa mwaka nilihama. Basili alikuwa amerudi kwa kudumu, na Theresia alikuwa na mimba ya Yohana, wa kwanza wa wanne. Jambo moja sikuwahi kumwambia mtu. Siku ya kuondoka nilikuwa nafunga mizigo, alasiri, Huyu amelala miguuni pangu, mzima, ananikodolea macho. Nikasikia kile kilio. Kilikuwa chembamba, kinakatika katika, kutoka uwanjani. Nilimtazama mbwa. Mbwa alikuwa amesimamisha masikio, anatazama mlangoni, kuelekea jikoni. Nilidhani uzio, nilidhani upepo, nilidhani paka. Nimeishi na dhana hizo mpaka leo, na bado nikiwa peke yangu mchana na nyumba imetulia, huwa nawasha redio.

Sasa barabara ni lami tupu, na nilishuka kwenye bajaji mlangoni pa nyumba ile nikitegemea kuikuta imebadilika. Imepakwa rangi, ina umeme, jiko la nje wamelibomoa. Jiwe liko pale pale. Watu walikuwa wamejaa, na vijana wanne wenye sururu na makoleo walikuwa wamelizunguka. Basili, mwenye mvi sasa na kikohozi chake, alikuwa anawaeleza. "Mama aliacha neno. Azikwe pembeni ya jiwe hili, ubavu wa kulia. Na jiwe lisiguswe." Kijana mmoja akauliza si waliondoe tu wapate nafasi, pale kuna msingi wa jiko la zamani, watachimba kwa shida. Basili akasema na yeye haelewi, ila ndivyo alivyoagiza, aliagiza mara nyingi. Wakachimba kwa shida. Nikashika ukuta. Nikaona jua lile la jioni usoni pa mtu ambaye alipenda kivuli cha baraza na umbea wa barabarani kuliko kitu chochote, na akaviacha vyote siku moja. Nikaona kiganja kinapapasa. Nikaona ukuni. Nilipoinua macho Theresia alikuwa ng'ambo ya kaburi ananitazama mimi, wala si shimo.

Baada ya kuzika alinishika mkono akanipeleka uani. Chumba cha nyuma ni banda la kuku sasa. Kwenye pembe ya uzio maboga yametambaa, majani mapana, hayajachumwa. "Huyu yuko hapa," alisema. "Alizeeka, akafia mlangoni pangu. Nikamlaza mwenyewe, na ile kanga iliyobaki nikamfunika." Nikamuuliza habari ya jiwe aliijua lini. "Siku ya ukuni." Nikasema, miaka yote hiyo, Theresia, na ulikuwa unakuja kukaa hapa? Akasema ndiyo. "Na hukumwambia kwamba unajua?"

Alichuma jani moja kavu akalitupa. "Ningemwambia nini, dada? Angeona haya, angehama pale, na angekwenda kukaa wapi? Yeye ndiye aliyemshika. Mimi sikumshika. Na yeye hakuwa na wa kulia naye, aliogopa nisije nikamsikia. Mimi nilikuwa na mbwa."

Nililia pale kwenye maboga bila kujizuia, kwa ajili ya yule mama aliyenitengea kikombe na ambaye kwa miaka mingi nilimweka moyoni kama mtu mgumu. Theresia alinisubiri nimalize. Kisha tukarudi mbele, ambako akina mama walikuwa wanapakua. Hakwenda kwao. Alipita kando ya udongo mbichi, akakunja kanga yake, akakaa juu ya jiwe, mahali ambapo sijawahi kumwona akikaa, jua likampiga usoni. Mmoja akamwita kutoka kwenye masufuria.

"Mama Yohana, njoo ule, wali unapoa."

"Kuleni kwanza," alisema. "Mimi niacheni nikae kidogo na mtoto."